Kifaa gani cha kuchomeka kwenye drili kinakata simenti bodi bila kufukiza mtaa mzima?

MamaBaraka (Moshono, Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Nina swali la ufundi, naomba mnivumilie maana mimi si fundi, ni mwenye nyumba tu mwenye drili.

Naongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba. Dari na kibaraza nimeamua viwe vya simenti bodi, sitaki tena jipsamu. Ya sebuleni ilipata maji masika iliyopita ikavimba kama andazi. Bodi zimeshafika: 22 za milimita 6, futi 4 kwa 8, na nyingine 5 za milimita 12 kwa ajili ya ukuta wa bafu.

Juzi fundi alianza kukata kwa grenda yenye diski ya almasi. Haikupita robo saa, jirani akatoka kajifunika kanga usoni. Nguo zake kwenye kamba zilikuwa kama za mtu aliyeshinda mashineni anasaga sembe. Mimi mwenyewe nina mtoto mwenye pumu. Nikasimamisha kazi.

Fundi akasema kuna vifaa vya kuchomeka kwenye drili vinavyokata bila vumbi, ila yeye hana. Nikaingia mtandaoni nikaona kimoja chenye vichwa viwili, kwenye video kinakata kila kitu kama karatasi. Nikalipa elfu thelathini na tano. Leo kimefika. Bodi haiingii hata mdomoni mwake!

Swali: nimenunua nini? Na nilipaswa kununua nini? Drili yangu ni ya betri, imeandikwa 48V.

---

Chalii_wa_Sakina

Pole dada. Umenunua king'ata bati. Ndani ya kile kichwa kuna kipini kinachopanda na kushuka, kila kikishuka kinamega kipande kidogo cha bati chenye umbo la mwezi mchanga. Kwa bati la paa ni kitu kizuri sana, mimi ninacho. Lakini nafasi yake ni ya bati, milimita moja, mbili hivi. Bodi ya milimita 6 itaingilia wapi?

Usikitupe. Ukifika kwenye kupaua utanikumbuka.

---

FundiDari

Mimi nipo kwenye kazi hii mwaka wa kumi na nne, Unga Limited wananijua. Simenti bodi ni grenda. Diski ya almasi, mstari mmoja, dakika moja bodi imekatika. Vumbi lipo, ndiyo, ujenzi una vumbi. Mbona mchanga na saruji hamlalamiki? Funga kitambaa puani, mwambie jirani aanue nguo zake, kazi iishe. Hivi vifaa vya video vinamaliza hela za watu tu.

---

Chalii_wa_Sakina

Fundi umeongea kama mtu anayelipwa kwa bodi 😄

---

FundiDari

Nalipwa kwa bodi, kumbe kwa nini? Mwenye nyumba akitaka nikate polepole alipe kwa siku.

---

Mangi_Kiboriloni (Moshi)

Fundi ana haki kwenye suala la malipo, nitalirudia. Ngoja kwanza nimjibu dada, maana kifaa anachokitafuta kipo na mimi ninacho. Ndugu yangu alinitumia kutoka Marekani.

Unachotaka ni mkasi wa simenti bodi wa kuchomeka kwenye drili. Usichanganye na mkasi wa bati, kwa umbo vinafanana na muuzaji asiyejua atakupa chochote. Kampuni moja inayotengeneza ni Malco, wao wanauita TurboShear, na wana wa bati na wa simenti bodi, kwa hiyo soma boksi vizuri. Wa simenti bodi una taya mbili pembeni zilizotulia, na katikati kuna ulimi unaopanda na kushuka. Ulimi ule ndio unaokata. Hausagi bodi kama diski, unaivunja ukanda mwembamba, upana wa penseli hivi, na ukanda huo unadondoka chini vipandevipande. Vumbi jepesi linalopaa halipo, au lipo kidogo mno. Ukimaliza unafagia vipande kwa ufagio wa kawaida.

Sasa mambo ambayo video haikuambii.

Kwanza unene. Mikasi hii imetengenezwa kwa bodi isiyozidi inchi 5/16, yaani karibu milimita 8. Bodi zako za 6 zinaingia bila shida. Zile za 12 sahau kabisa. Mtu akikuambia "lazimisha tu" atakuvunjia ulimi, na ulimi wa akiba kwa hapa kwetu hauokotwi sokoni Mbuyuni.

Pili, mkono wa kushikilia. Kifaa kinakuja na mkono unaoegemea mwili wa drili, ili kichwa kisizunguke pamoja na mdomo wa drili. Watu wengi wanaufunga kwa kulegeza au hawaufungi kabisa. Siku ulimi ukikwama, kichwa kizima kinageuka na kiwiko chako kinageuka nacho. Mimi nilijifunza hivyo. Nilishindwa kushika kikombe cha chai kwa siku tatu.

Tatu, drili yenyewe. Zima nyundo, ile hali ya kugonga ya kutobolea zege. Weka gia namba 2, ile ya kasi. Watu wanaweka namba 1 wakidhani nguvu ndiyo inayotakiwa, kumbe mkasi ukienda polepole unatafuna na ukingo unachanika. Washa kwanza, ukishika kasi ndipo uingize bodi, kisha sukuma taratibu bila kuulazimisha.

Nne, ule ukanda unaodondoka ni bodi yako. Ukichora mstari halafu ukapita katikati yake, kipande chako kinapungua. Amua kabla ya kuanza ukanda utoke upande gani wa mstari. Mimi huchora mkato mfupi wa penseli upande wa kutupa ili nisijichanganye. Na jaribu kwenye kipande kibovu uone uso upi unatoka safi, kwa sababu upande mmoja huwa na kingo za kukwaruza kidogo. Huo ndio unaouficha juu ya dari.

---

Chalii_wa_Sakina

Mangi umeandika kitabu. Niongeze la betri. Dada, hiyo 48V ni stika. Geuza chaja yako usome maandishi madogo. Nabashiri imeandikwa inatoa 21V. Hiyo maana yake ni seli 5 za lithiamu, kila moja ikijaa ni volti 4.2, na kwa kazi ya kawaida 3.6. Zidisha mwenyewe, ni 18. Hata zile drili za kampuni kubwa zilizoandikwa 20V ni hizohizo seli 5.

Volti 18 zinatosha kwa mkasi. Shida ya hizi drili za stika mara nyingi ni betri kuisha haraka, na mkasi unakula betri kuliko kufunga skrubu. Uwe na mbili, moja inachaji nyingine inafanya kazi.

---

MamaBaraka

Nimegeuza chaja. 21V. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Asante mangi, umenifungua macho. Je, kuna mkasi kamili wenye mota yake? Nimeona mmoja mtandaoni unatoka Marekani pia.

---

Mangi_Kiboriloni

Ipo, na kwa mtu anayefanya kazi hii kila siku ni mizuri kuliko wa kuchomeka. Ila angalia umeme. Mingi ya kule ni ya volti 120, sisi hapa ni 230. Ukichomeka moja kwa moja utasikia harufu kabla hujaona kazi. Utahitaji transfoma, na transfoma ya mzigo huo ni nzito na ghali. Ndiyo sababu nilimwambia ndugu yangu anitumie wa kuchomeka: hauna waya wala mota, unatumia drili niliyonayo, mambo ya volti hayauhusu.

---

Mzee_wa_Usa

Vijana nawasoma tangu jana. Nina neno kwa FundiDari, halafu niwaache muendelee.

Miaka ya tisini nilikuwa Mirerani, upande wa kutoboa mwamba. Tulitoboa kikavu, bila maji, kitambaa puani kama unavyoshauri. Tukitoka shimoni tulikuwa weupe kuanzia nywele, tunachekana. Mwenzangu niliyekuwa nashika naye mashine alianza kukohoa kidogo kidogo. Alipewa dawa za kila aina, mwisho akapelekwa hospitali ya Kibong'oto. Watu wa huku mnajua, Kibong'oto jina lake ni TB. Kweli walimkuta na TB, wakamtibu, ikaisha. Lakini pumzi haikurudi. Daktari akatueleza kwamba chini ya ile TB kulikuwa na ugonjwa mwingine, mapafu yamejaa makovu ya vumbi la mawe, na makovu hayo hayana dawa. Ndiyo yaliyoifungulia TB mlango. Alikuwa mtu wa kubeba gunia la kilo 100 begani. Akafikia kushindwa kupanda ngazi tatu za kanisani.

Vumbi lile linaitwa silika. Simenti bodi hutengenezwa kwa saruji, nyuzi na mchanga uliosagwa, na silika imo humohumo kwenye mchanga. Unaniuliza mbona saruji na mchanga hatulalamiki. Ukimwaga mchanga, punje zake ni kubwa, zinaanguka. Diski inayozunguka mara elfu 11 kwa dakika inasaga bodi kuwa unga ambao jicho halioni. Unga unaouona kwenye nguo za jirani ndio wa afadhali kuliko wote. Ule usioonekana unabaki hewani, unaingia mpaka chini kabisa ya mapafu, na hautoki.

Kitambaa hakiuzuii. Hata zile barakoa za bluu za wakati wa korona haziuzuii, hewa inapita pembeni. Tafuta zilizoandikwa N95 au FFP2, na zikae usoni bila mwanya. Mwenye ndevu anyoe.

---

FundiDari

Shikamoo mzee. Nimekusoma. Sibishani na wewe.

Lakini naomba tusemezane ukweli. Kijana anayeanza hii kazi anapata wapi mkasi wa kutoka Marekani? Mteja anaulizia bei kabla hajasalimia. Nikisema naongeza kwa ajili ya kifaa, anamwita mwingine mwenye grenda.

---

Mangi_Kiboriloni

Fundi, ndiyo hapo nilisema nitarudi. Kwa mikato iliyonyooka ya bodi ya milimita 6 wala huhitaji mkasi. Mimi mwenye mkasi siutumii kwa hiyo kazi. Natumia kisu cha kukwaruzia chenye ncha ya kabaidi (ile madini ngumu sana ya kwenye biti za zege), kinafanana na kile cha kukatia vigae kwa mkono. Unaweka rula ndefu ya chuma, au bomba la aluminiamu la mraba, unakwaruza mstari uleule mara tano, sita, mpaka kina kifike kama theluthi ya bodi. Halafu unaiegemeza bodi ukingoni mwa meza, mstari sambamba na ukingo, unaivunja kwa mkupuo mmoja. Pah! Unapitisha jiwe la kunolea kwenye ukingo, basi. Vumbi utakaloona ni la kufuta kwa kitambaa kibichi.

Pima kwa saa. Grenda, ukihesabu kuvuta waya, kuhamia nje, kufunga uso, kurudi ndani na kufagia, haikushindi kwa mbali kama unavyodhani. Na kisu hakitaki umeme, kwa hiyo siku wanapokata unaendelea na kazi.

Mkasi ni kwa kazi ambazo kisu hakiwezi: kukata pembe ya ndani umbo la L, kuzungushia mbao za paa kwenye kibaraza, mkato mpana wa kupinda, na vipande vyembamba vya upana wa vidole vitatu ambavyo ukivunja kwa mkono vinapasuka vinakotaka vyenyewe.

---

Fundi_Rajabu_Majengo (Moshi)

Mangi yuko sahihi. Nyongeza mbili tatu.

Bodi moja ya 6 ni kama kilo 24, ya 12 ni mara mbili yake. Usiikate ikiwa inaning'inia. Weka mbao nne chini, mbili kila upande wa mstari, la sivyo kipande kikianza kuinama kinabana ulimi na kinapasuka kabla hujamaliza.

Matundu ya taa na bomba: biti ya duara yenye ukingo wa kabaidi. Hapa ndipo drili inahitajika kweli. Zima nyundo, gia namba 1 safari hii, na usisukume kwa kifua. Chukua sponji yenye maji ushikilie pembeni ya tundu, inanasa unga mwingi. Sponji na drili ya betri sawa, ila usimwage maji kwenye grenda yenye waya ukutani. Najua watu wanafanya hivyo kupunguza vumbi. Nimeshamwona mmoja akirushwa.

Kuna vijiti vinauzwa vya kufungia diski ya grenda kwenye drili. Dada ukiviona, pita. Drili haina kinga ya diski, na kasi yake ni elfu moja na kitu, ndogo mno kwa diski ile. Inaruka na kung'ang'ania, na hakuna kitu kati yake na uso wako.

---

MamaBaraka

Na zile 5 za milimita 12 za bafuni? Ndizo zinaninyima usingizi.

---

Fundi_Rajabu_Majengo

Mikato mingapi? Kama ni kunyoosha tu, kwaruza pande zote mbili kwa subira, halafu vunja. Inachosha mkono lakini bodi 5 siyo 50. Pale pa kukata umbo la bomba tumia jigso (msumeno wa umeme wenye blade nyembamba inayopanda na kushuka) yenye blade ya kabaidi, polepole. Mwenye msumeno wa mviringo atafute diski maalumu ya simenti bodi, yenye meno 4 tu ya almasi bandia. Meno machache yanatoa chenga kubwa zaidi kuliko unga. Bado ni kazi ya nje, upepo ukupige mgongoni, barakoa usoni, na watoto wawe kwa bibi yao siku hiyo.

---

Kijana_Ngaramtoni

Wakuu samahani kuchomekea. Mimi nina bodi za bure kabisa. Kuna nyumba ya zamani inabomolewa, bodi za dari ni ngumu na nzima, jamaa anasema za miaka ya sabini. Nataka nizikate niezekee banda la kuku. Huo mkasi unaziweza?

---

Mzee_wa_Usa

Kijana wangu, ziache hapo zilipo. Bodi za saruji za miaka hiyo nyingi zilitiwa asbesto, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na za leo. Usikate, usitoboe, usivunje, hata kwa mkasi wa mangi. Mwambie na huyo anayebomoa. Kuku wako watakaa chini ya bati.

---

Kijana_Ngaramtoni

Sawa mzee. Aisee, tulikuwa tunazitupa kutoka juu.

---

Mzee_wa_Usa

Acheni leo hiihii. Zilizovunjika zimwagieni maji zilowe, msifagie kikavu, watoto wasiende kuchezea pale. Nendeni ofisi ya kata muulize namna ya kuziondoa.

---

MamaBaraka

Wiki mbili baadaye, narudi na mrejesho kama desturi inavyotaka.

Mangi aliniazima mkasi wake. Aliutuma na Kosta kutoka Moshi, nikaupokea stendi umefungwa kwenye soksi ya mpira wa miguu. Kisu cha kabaidi nilikipata mjini kwenye duka la vigae, bei yake haifiki nusu ya king'ata bati changu.

Fundi wangu siku ya kwanza alinuna. Tulikubaliana nimlipe kwa siku badala ya kwa bodi, hapo uso ukafunguka. Bodi ya kwanza ya kisu alikwaruza mara mbili tu akavunja kwa haraka, ikapasuka kama umeme wa radi, futi mbili zikaenda. Ya pili akakwaruza mara sita. Kuanzia ya tano nilikuwa sisikii kitu ila "pah", "pah". Mkasi tuliutumia kibarazani, kuzungushia mbao za paa, na hapo ndipo nilipouelewa. Mimi mwenyewe nimekata pembe tatu. Mkono wa kushikilia tuliukaza mpaka nikaogopa utavunjika.

Mapungufu: betri yangu moja ya "48V" ilikuwa inaniachia baada ya mikato michache, ikabidi niazime ya pili kwa shemeji. Na ukingo wa mkasi haulingani na wa grenda kwa usafi, huo ni ukweli. Pale panapoonekana tumefunika kwa mbao nyembamba.

Bafuni bado. Zile za 12 tumekata mbili kwa kisu, fundi anasema bega limekufa, kesho anakuja na jigso ya rafiki yake. Barakoa za N95 nimenunua boksi, nimempa na jirani tano.

---

FundiDari

Dada, hicho kisu ni duka gani la vigae?

---

MamaBaraka

Nakutumia inbox fundi.

---

Mangi_Kiboriloni

Hongera dada. Sasa mkasi wangu upande Kosta ya Ijumaa, nina kibaraza cha mtu Rau Jumamosi asubuhi. Na soksi pia, ni ya jozi.